Chokoleti na Kwaresima

Mwandishi, hapo uliposema filamu ya Chocolat (2000) ingeweza kutokea Busia, napinga. Kijiji kile cha Ufaransa cha mwaka 1959 kinashtuka kwa sababu hakijazoea mgeni. Sisi wa Busia tunaamka na wageni. Vianne, mama asiye na mume, ana mtoto wa kike, amefungua duka la chokoleti mbele ya kanisa katikati ya Kwaresima? Hapa mpakani watu wangemuuliza bei kwanza, naye angepokea shilingi ya Kenya au ya Uganda. Kasogee Butula au Funyula ndipo utamkuta mtu kama Reynaud, yule meya wa filamu anayempinga Vianne, tena mwenye akina mama wa kanisa nyuma yake.

Na kuhusu meya huyo: katika riwaya ya Joanne Harris (1999) iliyozaa filamu hiyo, Reynaud ni padri. Filamu ikamvua kanzu ikampa umeya, padri akabaki kijana wa kuandikiwa mahubiri. Kwangu huo ni woga, ingawa Alfred Molina alimwigiza vizuri mno, hasa anapolivamia dirisha la duka usiku wa kuamkia Pasaka.

Jambo jingine, kuhusu chokoleti yenyewe hapa kwetu. Kakao ya Bundibugyo, Uganda, hupita mpaka wa Malaba ikiwa kwenye magunia, juu ya malori yanayokwenda bandari ya Mombasa, huku madereva wakinywa chai ya maziwa kando ya foleni. Chokoleti dukani unaipata ndani ya friji ya soda, maana rafuni joto la saa saba huigeuza uji. Vianne angehitaji stima isiyopotea kabla ya kuhitaji mpenzi kama Johnny Depp wa filamuni.