Askari Ashuke Garini

Kila mwaka vijana wetu, wa kike na wa kiume, humaliza mafunzo katika Shule ya Polisi ya Moshi, na wengine hupitia Chuo cha Taaluma ya Polisi kule Kurasini, Dar es Salaam, wakijiandaa kushika vyeo. Gwaride huwa zuri. Mgeni rasmi hukagua, bendi hupiga, wazazi hushangilia. Sisi hatuna ugomvi na gwaride. Tunalouliza ni hili: huyu anayetoka hapo na nyota mabegani ataujua lini mtaa atakaopewa kuulinda?

Ndugu wananchi, sote twajua jinsi polisi wanavyotufikia siku hizi. Difenda hupita kwa kasi, askari wameketi nyuma wakipeana migongo, bunduki mikononi. Likisimama, watu hutawanyika, mwenye kosa na asiye na kosa. Mama lishe huacha sufuria motoni. Baada ya robo saa gari limekwisha kuondoka na vijana watatu, na mtaa mzima haujui wamechukuliwa kwa sababu gani. Mkubwa aliyeketi mbele karibu na dereva hakumwamkia mtu, wala hakuna aliyethubutu kumwamkia. Kisha kitabuni kituoni huandikwa kwamba doria imefanyika.

Jambo hili lina asili yake. Mwaka 1829 Robert Peel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alipounda polisi wa London, aliwaagiza watembee kwa miguu katika njia walizopangiwa, bila bunduki, kirungu tu, ili watu wasiwaone kuwa ni jeshi lililokuja kuwakalia. Tena alitaka wakubwa wao wapande kutoka chini, wasiwe mabwana wa koo kubwa walioletwa kuamuru. Hivyo ndivyo Mwingereza alivyojitendea kwao. Huku kwetu, polisi ya Tanganyika ilipoundwa mwaka 1919, hakuileta ile ya London. Alichukua mfano wa Ireland, nchi aliyokuwa akiitawala kwa nguvu: askari wa kambini, kwata na bunduki, tena apelekwe mbali na kwao asije akawaonea haya wale atakaowakamata. Uafisa ulikuwa wa Mzungu. Mwafrika alitembea, naam, alitembea sana katika misako ya Dar es Salaam akiwatafuta wasio na stakabadhi ya kodi na wale walioitwa wahuni. Lakini hakutembea ili awajue watu, wala kutembea kwake hakukumfungulia mlango wa uongozi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 tulibadili mwenye nyota. Mazoea ya kambi hatukuyabadili vya kutosha.

Hatusemi haya kwa chuki. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipotoa taarifa yake mwaka 2023, ilipendekeza jeshi hili liundwe upya liwe chombo cha kuwahudumia watu. Wenzetu wa Kenya waliandika neno Huduma katika jina la polisi wao kwa Katiba ya mwaka 2010, na wao wenyewe watakuambia kwamba jina peke yake halimshushi mtu garini.

Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba hakuna mwalimu aliyefanywa mwalimu na daftari la chuo. Hupelekwa darasani kwa watoto wa kweli, wakati mkufunzi ameketi nyuma akiangalia. Mtaa ndio darasa la polisi. Anayepita kwa miguu saa tatu usiku hujua taa ya njia ipi imekufa, duka lipi hufungwa mwisho, vijana wa kijiwe cha bodaboda ni wana wa nani, na nyumba ipi mume humpiga mkewe kila mwisho wa mwezi. Mlinzi wa ghala humweleza aliyoyaona jana. Mwenyekiti wa mtaa humwita kwa jina lake. Na zaidi ya hayo, yuko peke yake au na mwenzake mmoja, mbali na sauti ya afande. Wapangaji wawili wakigombana juu ya maji ya bomba, ni yeye anayepaswa kuamua papo hapo: awapatanishe, awaonye, au awapeleke kituoni. Kuamua kwa haki bila kusukumwa na amri ndiko kuongoza, na hatujui somo la ubaoni linaloweza kushika mahali pake.

Kuna waliolipima jambo hili kwa hesabu. Katika mji wa Newark, Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 1981 ulionyesha kwamba askari wa miguu hawakupunguza sana uhalifu, lakini hofu ya wakazi ilipungua na polisi wakaonekana wema zaidi. Mwaka 2009 mji wa Philadelphia ulikwenda mbele. Zilichaguliwa sehemu 60 zenye fujo nyingi zikapelekewa askari wa kutembea, wengi wao wametoka chuoni siku zile zile. Nyingine 60 za namna hiyo ziliachwa kama zilivyokuwa. Baada ya wiki 12, makosa ya kutumia nguvu yalikuwa yamepungua kwa asilimia 23 yakilinganishwa na sehemu zilizoachwa. Askari walipoondolewa, faida nayo ikayeyuka. Kwa hiyo anayetaka kutembeza askari wiki moja kwa ajili ya kupigwa picha, asijisumbue.

Wako watakaosema kwamba kutembea ni hatari. Twawajibu kwa heshima, maana damu imemwagika. Tarehe 13 Aprili 2017, kule Kibiti, askari wanane waliuawa kwa kuviziwa, nao walikuwa ndani ya gari. Bati la gari si ngao. Ngao ya polisi ni mwanakijiji anayemnong'oneza kwamba wageni wamelala porini, na mwanakijiji hamnong'onezi mtu asiyemjua.

Lakini liko jambo zito zaidi, nalo hatulifichi. Askari wa miguu aweza kuwa balaa. Yuko anayetembea ili akusanye: elfu kwa huyu machinga, elfu mbili kwa yule wa bodaboda, "hela ya maji" kwa muuza gongo ili asimwone. Wananchi wakimwona huyo anakuja, heri difenda linalopita na kwenda zake. Dawa yake si kumrudisha garini, bali afisa wake kutembea pia. Mkuu wa kituo anayetokea sokoni bila taarifa mara mbili kwa wiki, akanunua ndizi kwa fedha yake, akamwuliza muuzaji habari za askari wake, atajua mengi kuliko anayengoja taarifa mezani. Na kama mkuu huyo naye hungojea fungu lake jioni, basi watu watalijua hilo kabla ya IGP.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Usukumani na Unyamwezini walichoka kuibiwa ng'ombe, wakaanzisha sungusungu, wakatembea wenyewe. Wezi walikimbia. Pia kuna walioadhibiwa, hata kuuawa, bila hakimu. Penye nafasi iliyoachwa na polisi huingia mtu mwingine, na huyo hana kitabu cha sheria mfukoni. Polisi jamii, iliyohimizwa sana wakati wa IGP Said Mwema, aliyeshika kazi mwaka 2006, ilitaka kuijaza nafasi hiyo. Wazo lilikuwa jema. Mahali pengi liliishia kwenye mikutano na fulana.

Kwa hiyo twataka mtu yeyote asipandishwe kuwa mkaguzi au afisa kabla ya kutembea mtaa mmoja kwa mwaka mzima, na wakazi wa mtaa huo waulizwe habari zake kabla ya nyota kuwekwa begani. Matawi yetu nayo yana kazi. Askari akija kwa miguu, apewe kiti na maji ya kunywa, asipewe fedha. Na akidai fedha, jina na namba yake vipelekwe kwa mkuu wake kwa maandishi, nakala ibaki tawini.

Makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani yatakapofika Bungeni Dodoma, wabunge waulize jozi ngapi za viatu zimenunuliwa, makoti ya mvua mangapi, na tochi ngapi. Habari za mafuta ya magari tumekwisha kuzisikia.