CHEMSHA BONGO: Nguzo, Kitako na Bamba

Katika mafumbo ya maneno hakuna kundi linalowasumbua wengi kama maneno ya ujenzi. Mtunzi huandika "sehemu ya jengo, herufi 6", nasi twakimbilia kujaza MSINGI. Kumbe BORITI nayo ina herufi 6, na huishia na I vilevile. SAKAFU ina 6. KIDAKA, yaani kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea taa au vyombo, nacho kina 6. Neno moja likikaa mahali pasipo pake huyaharibu yote yanayolikata.

Dawa yake ni kuijua kazi ya kila kitu. Msingi hufukiwa ardhini. Nguzo husimama wima. Boriti hulala juu na kubeba dari. Katika nyumba za mawe za pwani boriti zilikuwa za mikoko, na urefu wake ndio uliopima upana wa chumba. Kizingiti ni cha mlango, nacho huwa cha juu au cha chini. Ajikwaaye hujikwaa kwenye cha chini.

Nguzo yenyewe ina viungo kama mtu: kichwa juu, kiwiliwili katikati, kitako chini. Askari hahitaji kufundishwa neno hilo la mwisho, kwani ndilo lile la kitako cha bunduki. Hata hivyo, si kila nguzo ina kitako. Zile za Wagiriki wa kale za mtindo wa Doriki zilisimama moja kwa moja juu ya sakafu ya mawe. Jiwe bapa liwekwalo chini ya kitako, au juu ya kichwa ili kupokea mzigo, ni bamba la jiwe. Basi, fumbo likitaja "kitu kipana na chembamba, herufi 5", jibu ni BAMBA, si NGUZO.

Angalieni pia umoja na wingi. Nguzo haibadiliki: nguzo hii, nguzo hizi. Lakini msingi huwa MISINGI, herufi 7, sawa na MHIMILI. Na yote mawili huanza na M na kuishia na I. Herufi ya pili ndiyo hakimu. Mhimili ni kitegemeo kinachoshikilia kitu kisianguke. Ndiyo maana Bunge, Serikali na Mahakama huitwa mihimili ya dola. Tena ndio mstari ambao dunia huuzunguka.

Makambini hukutana watu wa makabila mengi, na maneno ya namna hii hupotea upesi nyumbani yasipotamkwa. Fumbo la Jumapili ni nafasi ya baba, mama na watoto kuyataja kwa sauti, huku wakiinyoshea kidole sehemu yenyewe ya nyumba. Mtoto aliyeigusa boriti hataiita nguzo.

Jipimeni:
1. Hulala, wala haisinzii, juu ya vichwa vyetu (herufi 6).
2. Bunduki inacho, na nguzo inacho (herufi 6).
3. Kila aingiaye hukivuka (herufi 9).
4. Watu wengi, nguzo nyingi, herufi hazikuongezeka. Neno gani (herufi 5)?

Majibu: 1. Boriti. 2. Kitako. 3. Kizingiti. 4. Nguzo.