Arnett hakusema hivyo

Mwaka 2000 Jeffrey Jensen Arnett, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha makala kuhusu umri wa miaka 18 hadi 25 akauita utu uzima unaochipuka. Tangu hapo amebebeshwa mizigo isiyo yake.

Husemwa kwamba amewapa vijana kisingizio cha kutokua. Mjumbe hauawi. Arnett hakuwashauri Wamarekani wachelewe kuoa. Aliwakuta wamekwisha kuchelewa. Mwaka 1970 mwanamke wa Marekani aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 21. Miaka ya 1990 ilipokuwa inaisha alikaribia 25, na mwanamume 27. Masomo yalikuwa yamerefuka, na zile kazi za kiwandani zilizomwezesha kijana wa miaka 18 kulisha familia zilikuwa zimepungua.

Husemwa pia kwamba vijana hawa hujiona watoto. Arnett aliwauliza: je, unajiona umefikia utu uzima? Wengi hawakusema ndiyo wala hapana. Walisema kwa mambo fulani ndiyo, kwa mengine bado. Na mtu mzima hutambulikaje? Ndoa haikutangulia, wala cheti cha shule. Walitanguliza kuwajibika kwa matendo yako, kuamua mwenyewe na kujitegemea kwa fedha. Mtoto hazungumzi hivyo, ingawa mzee wa kwetu angeuliza: na wanaokutegemea wewe, mbona hawatajwi?

Shutuma ya ubinafsi ina mwenyewe: Jean Twenge, aliyeandika kitabu kizima mwaka 2006 kuhusu kizazi kinachojipenda mno. Arnett alimpinga waziwazi. Asiye na mke, mtoto wala mwajiri wa kudumu hana budi kujishughulisha na nafsi yake, kwa kuwa maamuzi yote yako mikononi mwake. Hilo ni tofauti na kuwapuuza wengine, na mara nyingi kijana anayehama nyumbani hupatana na wazazi wake kuliko alipokuwa akiishi nao.

Dai zito zaidi ni la hisia: kwamba miaka hii ni misukosuko mitupu. Nancy Galambos na wenzake wa Kanada waliwafuatilia vijana kuanzia miaka 18 hadi 25, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Kwa wastani huzuni na hasira zilipungua, na kujithamini kukaongezeka. Waliokaa muda mrefu bila kazi walizidi kwa huzuni. Waliopata watu wa kuwashika mkono, au walioingia katika ndoa, hali zao zilitengemaa zaidi. Lakini wastani huficha watu. Utafiti wa Ronald Kessler wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya Wamarekani wanaopata ugonjwa wa akili wakati wowote maishani, robo tatu huwa umeshawaanza kufikia umri wa miaka 24. Kwa hiyo mzazi anayesema "yatapita tu" anabahatisha, sawa na anayeona kila chozi ni ugonjwa.

Kwamba Arnett anaihubiri hatua hii ya maisha kwa binadamu wote? Makala ile ile ya 2000 inasema ipo tu katika jamii zinazowapa vijana muda mrefu wa kujaribu maisha. Mwaka 2008 aliwakemea wanasaikolojia wenzake kwa kuwafanya Wamarekani, ambao hawafiki asilimia 5 ya watu duniani, kuwa kipimo cha wote.

Pingamizi moja ndilo lina uzito. Leo Hendry na Marion Kloep, watafiti waliofanya kazi Uingereza, wanasema kijana maskini aliyeacha shule mapema hachagui wala hajaribu chochote, amekwama. Kwao kukua ni mchakato usiogawanyika kwa umri. Walibishana na Arnett katika kitabu kimoja walichoshirikiana mwaka 2011. Arnett alijibu kwamba hata wasiosoma chuo wana matumaini yale yale. Huenda. Lakini matumaini hayalipi kodi ya nyumba, na kwa hoja hii nawapa ushindi wapinzani wake.