Siku sita za Biharamulo

Makamanda, tuongee kuhusu siku sita.

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba Kagera kuna watu 9 wanaoshukiwa kuwa na Marburg, na 8 kati yao wameshafariki. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zimepimwa, Marburg haipo. Januari 20, Rais Samia akasimama Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dk. Tedros, akasema ipo: mgonjwa mmoja amethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, vifo vilikuwa 10.

Watatuambia Wizara ilikuwa inasubiri maabara. Sawa. Kuthibitisha ni kazi ya maabara, lakini hata kushuku ni taarifa, na nesi anaihitaji kabla majibu hayajatoka. Marburg inaanza kama malaria tu: homa, kichwa, kutapika. Inaambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Nesi aliyeambiwa "hakuna kitu" atamlaza mgonjwa huyo kitanda cha pili kutoka kwa mama mjamzito, atamwekea dripu, kisha atahamia kwa mwingine. Chanjo iliyoidhinishwa hakuna, dawa hakuna. Kilichopo ni kujua mapema, kumtenga mgonjwa, glovu, maji na sabuni.

Hatubahatishi. Mwaka 2023 Bukoba Vijijini waliugua watu 9, wakafa 6. Wahudumu wa afya walikuwemo, na mmoja wao alifariki. Septemba 2024 ikaibuka Rwanda: wagonjwa 66, vifo 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Rwanda na Ngara wanatenganishwa na daraja la Rusumo, na malori yanayolivuka yanapita Lusahunga na Nyakanazi, Biharamulo.

Tutende haki: wataalamu wetu waliuzima mlipuko wa 2025 ndani ya miezi miwili. Ndiyo maana inauma. Watu wenye uwezo huo hawastahili kufanya kazi gizani.

Na hapa hatuombi hisani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Mwajiri wa nesi wa hospitali ya wilaya ni nani kama siyo serikali? Sasa kwa nini mama anaambiwa aje kujifungua na glovu zake?

Vijana wa Ngara na Biharamulo, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni, na mpelekeeni diwani wenu maswali matatu ayaulize. Kila hospitali na kituo cha afya kina chumba cha kumtenga mgonjwa? Maji yanatoka wodini kila siku? Glovu na barakoa zilizopo stoo zinatosha miezi mingapi?

Na tusisambaze uvumi wala picha za wagonjwa. Uvumi unawafanya watu waikimbie hospitali, na sisi tunataka waende, watibiwe, warudi nyumbani bila ugonjwa ambao hawakwenda nao.