Mwanamke Aliyehajiri Mara Mbili



Wiki kadhaa zilizopita tulimzika mama mmoja katika makaburi ya mtaa wetu. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Ngazija, kwa kuwa alizaliwa katika kisiwa cha Ngazija huko Komoro, akaja Dar es Salaam akiwa bibi harusi wa baharia miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Alfajiri tulipoletewa habari ya msiba, sisi wa kamati ya msikiti tulikaa kuandika tangazo kama tuandikavyo siku zote: marehemu ni mke wa fulani, mama wa fulani na fulani, mazishi baada ya swala ya adhuhuri. Mahali pa jina tuliandika Mama Ngazija. Hakuna aliyeuliza. Tangazo likasomwa kwenye kipaza sauti, watu wakajaa, jeneza likapokezanwa mabegani mpaka makaburini, nasi tukarudi tukiona wajibu umetimia.

Siku ya nne ikaja simu kutoka Ngazija. Aliyepiga ni dada yake marehemu. Habari alikuwa ameipata kwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Kariakoo, naye alitaka kujua jambo moja tu, kama ni kweli. Wanawe walidhani kamati imepeleka habari. Kamati ilidhani wanawe wamepeleka. Karatasi yetu ya matangazo ina mstari wa mume, mstari wa watoto na mstari wa saa ya mazishi. Mstari wa watu wa marehemu huko alikotoka haukuwamo. Walioipanga karatasi hiyo ni sisi wenyewe tunaoandika safu hii, kwa hiyo lawama hatuna wa kumtupia.

Binti yake alitueleza jambo lililotuchoma zaidi. Katika siku zake mbili za mwisho mama aliacha Kiswahili alichokisema umri wake wote wa hapa, akarudi katika Kingazija. Lugha hizi mbili ni ndugu, na wanawe walisikia maneno wakidhani wanayajua, kumbe siyo. Wakawa wanaitikia "naam, mama" kwa kila alilosema. Mpaka leo hawajui waliitikia nini.

Tangu hapo tumekuwa tukimfikiria sana Bi Ummu Salama (r.a.), mama wa Waumini. Muulize mtoto yeyote wa madrasa Ummu Salama ni nani, atakujibu upesi kwamba ni mke wa Mtume (s.a.w.). Muulize jina lake, atanyamaza, na pengine mzazi wake pia. Jina lake ni Hind, binti wa Abu Umayya, wa ukoo wa Makhzum, mmoja wa koo zenye nguvu za Kiquraishi. Baba yake alipewa lakabu ya Zad al-Rakib, yaani masurufu ya msafiri, kwa kuwa aliyefuatana naye safarini hakuhitaji kubeba chakula chake. Binti wa mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa msafiri asiye na masurufu. (Hatusemi kwamba kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe ni kosa. Kunya ni heshima, na Mtume mwenyewe aliitumia. Lakini nyuma ya heshima ile kuna mtu aliyekuwapo kabla ya kuzaa.)

Mumewe wa kwanza alikuwa Abdullah bin Abdul-Asad, Abu Salama, ndugu yake Mtume wa kunyonya. Wawili hao walikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kuvuka bahari kwenda Uhabeshi, mwaka wa 5 wa utume, sawa na 615 Miladia. Huko ugenini ndiko alikoanza kuzaa. Na habari tuijuayo sisi sote ya Waislamu mbele ya Najashi, ya wajumbe wa Makureshi waliokwenda na zawadi za ngozi ili wakabidhiwe wakimbizi, ya Jaafar bin Abi Talib aliyesoma mwanzo wa Surat Maryam mpaka mfalme akalia, imepokewa kutoka kwake yeye. Jaafar tunamtaja katika kila hotuba. Mwanamke mhamiaji aliyekaa akatazama, akakumbuka, akasimulia, twamsahau.

Katika masimulizi hayo hayo kuna kipande kisichosomwa sana. Mtu mmoja aliinuka kumpinga Najashi kwa vita, na majeshi yakakutana ng'ambo ya mto Nile. Wahamiaji wakaingiwa na huzuni ambayo, kwa maelezo yake, hawakuwahi kuwa nayo mfano wake, wakihofu kwamba atakayeshinda hatazijua haki zao kama alivyozijua Najashi. Wakamwomba Mwenyezi Mungu ampe ushindi mfalme asiye wa kabila lao. Zubayr bin al-Awwam, aliyekuwa mdogo wao kwa umri, akapuliziwa kiriba, akakiweka kifuani, akaogelea kuvuka mto akaone mambo yamekwendaje. Kila aliyeishi katika nchi ya watu anaijua hofu hiyo. Mama Ngazija, tumeambiwa na jirani yake, alikuwa hazimi redio siku za kuhesabu kura, na sisi tulikuwa tukimcheka.

Kisha wakarudi Makka, na ikaja hijra ya pili, ya Madina. Abu Salama alimpandisha mkewe juu ya ngamia, akampakata mwanawe Salama, wakatoka. Watu wa ukoo wa mke wakawazuia, wakasema mume ana hiari na nafsi yake lakini binti yao hataburutwa nchi kwa nchi. Watu wa ukoo wa mume nao wakaghadhibika, wakasema ikiwa mama mmemchukua ninyi, mtoto ni wetu. Wakamvutana mtoto huku na huku mpaka mkono wake ukateguka. Mume akaenda zake Madina, mtoto akachukuliwa na wale, mama akabaki kwa hawa. Watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja mahali pake.

Akawa anatoka kila asubuhi kwenda kukaa Abtah, akilia mpaka jioni, kwa muda wa mwaka mmoja au karibu na mwaka. Mtu hukisoma kisa hiki kwa dakika tano akapita. Tunaomba msomaji asipite upesi. Ni asubuhi zaidi ya mia tatu. Watu wa mji walikuwa wakimwona, wakienda sokoni, wakirudi. Mwishowe binamu yake mmoja akamhurumia, akawaambia jamaa zake kwamba wamemtenga maskini huyu na mumewe na mwanawe. Ndipo wakamwachia, na ule upande wa pili wakamrudishia mtoto. Mwaka mzima wa machozi ulimalizwa na mtu mmoja kusema neno ambalo kila mtu alikuwa analijua.

Alipanda ngamia wake na mtoto mapajani, bila mwenzi. Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Akamuuliza anakwenda wapi na nani. Alipojua kwamba hana mtu, akaishika hatamu ya ngamia akaenda naye. Kila walipofika kituo alimpigisha ngamia magoti, akajitenga mbali mpaka mama ateremke, akamfunga ngamia, akaenda kulala chini ya mti mwingine. Wakati wa kuondoka ulipofika alimleta ngamia, akarudi nyuma, akamwambia apande. Hivyo hivyo mpaka Quba, ambako alimwonyesha kijiji alimo mumewe, kisha akageuka kurudi Makka kwa miguu. Bi Ummu Salama alisema baadaye kwamba hakupata kumwona mwenzi wa safari mkarimu kuliko yeye. Uthman alisilimu kabla ya Fat-hi Makka, na siku ya Fat-hi ufunguo wa Al-Kaaba ulirudishwa mkononi mwake.

Maisha ya Madina ya nyumba ile hayakuwa marefu. Abu Salama alijeruhiwa Uhud; jeraha likafunga, kisha likafunguka tena, akafa mwaka wa 4 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliyafumba macho yake kwa mkono wake, akamwomba Mwenyezi Mungu awe badala yake kwa wale aliowaacha.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba mjane alisema moyoni kuwa huyu ni mgeni aliyefia nchi ya ugeni, na kwamba atamlilia kilio kitakachozungumzwa. Tayari mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa juu wa Madina ili amsaidie kuomboleza. Mtume alimkabili mwanamke yule kwa onyo kali juu ya kumrudisha shetani katika nyumba ambayo Mwenyezi Mungu alikwisha kumtoa, na Bi Ummu Salama akakiacha kilio kile. Masheikh wetu huisoma hadithi hii kufundisha makatazo ya kuomboleza kwa makelele, na ni sawa. Sisi safari hii tumesimama kwenye yale maneno ya mwanzo. Kwa nini alitaka kilio chake kizungumzwe? Tumeona, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, kwamba mtu akifia kwao huliliwa na ukoo. Aliyefia ugenini ana mkewe tu, na mke akaogopa kilio cha mtu mmoja kisitoshe.

Alifundishwa dua ya msiba, ya kuomba malipo na badala iliyo bora. Aliisoma huku akijiuliza ni nani aliye bora kuliko Abu Salama. Mapenzi yake kwa mumewe hakuyaficha, wala hakulaumiwa kwayo. Badala ikaja: Mtume (s.a.w.) akamposa. Naye akatoa nyudhuru zake waziwazi, kwamba ana wivu, umri umekwenda, na ana watoto. Akajibiwa kwamba wivu ataombewa uondoke, umri wao wote wawili umekwenda, na watoto wake ni watoto wa nyumba ya Mtume.

Jibu hilo la mwisho lilitimia mezani. Hadithi ya kwanza ambayo mtoto wa Kiislamu hufundishwa kuhusu chakula, ya kupiga bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake, aliambiwa Umar, mwana wa Abu Salama, mkono wake ulipokuwa ukizunguka ndani ya sahani akiwa mtoto mdogo katika malezi ya Mtume. Dada yake Zaynab alikua akawa miongoni mwa wanawake wenye fiqhi kubwa Madina. Hao ndio watoto wa mgeni aliyefia ugenini.

Ushauri wake wa siku ya Hudaybiya unajulikana, hatutaurudia. Tutaje jambo dogo. Siku moja alikuwa anachanwa nywele na kijakazi, akamsikia Mtume akiwa mimbarini akiwaita watu. Akamwambia kijakazi asogee. Kijakazi akasema wameitwa wanaume. Akajibu kwamba yeye naye ni miongoni mwa watu.

Aliishi mpaka akawa wa mwisho kufariki kati ya wakeze Mtume, karibu na mwaka wa 60 Hijria, akiwa amepokewa hadithi 378 kwa hesabu ya wanachuoni. Kaburi lake liko Baqii, katika mji aliouingia juu ya ngamia aliyeongozwa na mtu mwingine.

Karatasi ya matangazo tumeichapa upya. Dada yake marehemu alitutajia kwa simu jina kamili, la baba, la babu na la mji, akirudia polepole ili tusikosee, na Ijumaa iliyofuata likasomwa baada ya swala, watu wakamwombea. Mzee mmoja wa safu ya tatu, ambaye kwa miaka mingi alinunua vitumbua kwake, aliuliza huyu aliyefariki sasa ni nani tena.

Hapa jina hilo hatuliandiki kwa kuwa binti yake hakupenda liingie gazetini. Baada ya Idi anasafiri kwenda Ngazija kumwona mama yake mkubwa kwa mara ya kwanza, na alikuja ofisini kuomba barua ya utambulisho ya msikiti. Tulimuuliza iandikwe binti wa nani. Akatamka jina lote la mama yake, mpaka la babu, bila kusita.