Breki ya Mkono ya Land Rover Kuukuu

Ndugu msomaji, wewe uegeshaye Land Rover kuukuu mteremkoni huko Izigo, wilayani Muleba, yakupasa kujua jambo moja. Katika Land Rover za Series, zilizoundwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1985, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika propela ya nyuma, pale itokapo kwenye giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hilo huzunguka bure, na mwenzake lililo chini huliacha gari literemke, pengine kuwaelekea watoto wachezao uani.

Basi egesha mahali tambarare, uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Achia breki. Kaza kwa spana boliti ya pembe nne iliyo kwenye bamba la breki hadi ikatae, kisha ilegeze mpaka ilie mara mbili. Vuta breki kwa nguvu ili viatu vikae sawasawa, halafu uiachie.

Ngoma ikiwa imelowa oili, kukaza hakutafaa kitu: badilisha kwanza sili inayovuja, kisha viatu. Na hata breki ikishika barabara, kabari isikose garini.