Hesabu Aina, Si Miche

Ukitaka kupigiwa makofi Kenya siku hizi, taja miche. Serikali imeahidi miti bilioni 15 kufikia 2032, na kila mheshimiwa anashika jembe apigwe picha. Sawa. Lakini miti gani?

Huku Sigalagala ni nchi ya dhahabu. Kakamega imechimbwachimbwa tangu miaka ya 1930. Shimo likifukiwa, mtu anaweza kupanda mikaratusi 96, aongeze murembe mmoja, mutere mmoja, mpera na mwembe, halafu aandike: mimea 100, aina 5. Jirani akipanda aina zizo hizo, 20 kila moja, ripoti yake itakuwa hiyo hiyo. Kesho mikaratusi inauzwa nguzo za stima, shimo linabaki uchi.

Kipimo kipo. Cha Shannon kinaangalia aina ni ngapi na zimegawana vipi shamba: wa kwanza anapata 0.22, jirani 1.61. Si uchawi, bana. Ni kamba, vigingi, daftari na mtu anayejua majina ya mimea, ambaye mara nyingi ni nyanyako, si afisa.

Na msiniambie ati ardhi iliyochimbwa haiwezi. Bamburi, Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Alitanguliza mvinje, akaleta majongoo wasage majani yake makavu yawe udongo, ndipo aina nyingine zikafuata. Mvinje ulikuwa mwanzo tu.

Kwa hivyo ripoti ya shimo ikija na idadi ya miche pekee, irudishwe. Na papimwe tena mwaka wa tatu, mheshimiwa akiwa ameshasahau njia.